Kimbari si Halaiki

Magazeti yetu huandika "mauaji ya halaiki" leo na "mauaji ya kimbari" kesho, kana kwamba ni mamoja. Mtanzania akisikia halaiki huwaona kwanza watoto wa shule wakipanga maumbo uwanjani siku ya Muungano. Na ndivyo ilivyo: halaiki ni wingi wa watu tu. Kimbari limetokana na mbari, ukoo, asili ya mtu.

Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, alibuni neno la kosa hili, genocide, mwaka 1944 kwa kuunga la Kigiriki lenye maana ya kabila na la Kilatini la kuua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 kuhusu kosa hilo nao hauhesabu maiti. Unauliza nia: je, wauaji walikusudia kuangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake?

Hiyo "sehemu yake" inaeleweka sana Ulyankulu, mkoani Tabora. Mwaka 1972 makazi ya Wahutu waliokimbia mauaji nchini Burundi yalifunguliwa hapo. Wengi sasa ni raia wa Tanzania. Keti na mzee wao kando ya bani la tumbaku. Haanzi na idadi. Anaanza na orodha: anaitwa mwalimu, anaitwa mwanafunzi, anaitwa karani, wanapandishwa lori, basi. Waliosoma ndio waliotafutwa. Wenyewe huita mwaka ule Ikiza, balaa.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikaa Arusha, safari ya basi tu kutoka Tabora. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ikawa mahakama ya kwanza ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa hili. Ikasema na ubakaji waweza kuwa njia ya kuangamiza mbari. Ila ilipewa mwaka mmoja tu, 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague nayo inaanzia Julai 2002. Ya 1972 hayafikiwi na yoyote kati ya hizo.

Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitamka kwamba ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Michel Micombero, rais wa Burundi mwaka ule wa 1972, alikwisha kufia Mogadishu mwaka 1983, bila kushtakiwa.