Kidonda kimepona, tabia imebadilika: ubongo wa mbele unafanya kazi gani?

Kwenye barabara kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, malori ya madini yanapita mchana na usiku, na katikati yao zinapita pikipiki za taxi na abiria wawili, mara watatu, bila kaske. Karibu kila mkaaji wa Likasi anajua mtu aliyeangukia kichwa. Wengine walikufa. Wengine walivunjika mguu, wakatiwa plasta, wakarudi kazini. Lakini kuna kundi la tatu, na familia nyingi za Kikula, Panda na Shituru zinalijua bila kuwa na jina la kuliita: mtu aliyetoka hospitali kidonda kimefunga, anatembea vizuri, anasema vizuri, anakumbuka majina ya watoto wote, na bado si yeye.

Baba aliyekuwa mpole anatukana mbele ya wakwe. Kijana aliyekuwa anaweka franga zake kidogo kidogo anazimaliza zote siku moja kwa vitu asivyohitaji. Mama aliyekuwa anaamka saa kumi na moja kwenda sokoni anakaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jioni. Hana huzuni, hasikii maumivu, basi tu hainuki. Ndipo maneno yanaanza kwenye lupango: "Ule haiko yeye tena." "Balimuloga." Kutoka hapo njia inaenda kwa mganga wa miti au kwenye chumba cha maombi, na mara chache inarudi kwa munganga wa hospitali.

Ubongo una sehemu nyingi, na ile iliyo nyuma ya mfupa wa paji la uso ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa mwanadamu inachukua karibu theluthi moja ya ganda la juu la ubongo. Upande wake wa nyuma unaamuru misuli: ubongo wa kushoto unatuma mkono wa kulia, wa kulia unatuma wa kushoto. Kwa watu wengi, pahali pamoja pa upande wa kushoto panatengeneza maneno. Jambo hilo lilionyeshwa na munganga Mfaransa Paul Broca mwaka 1861. Kama hapo pameumia, kila mtu anaona: mkono umekufa, ulimi umefunga. Hakuna anayebishana kwamba ni ugonjwa.

Shida inakuja na sehemu iliyo mbele zaidi, kwa sababu yenyewe haitembezi mkono wala haisemi. Kazi yake ni kupanga, kupima na kuzuia. Kupika bukari tu kunaitaka: kukumbuka kwamba makala yamebaki kidogo, kuweka maji kwanza, kuangalia mboga wakati maji yanachemka, kumfukuza mtoto karibu na moto bila kusahau sufuria. Mikono inajua kusonga unga, lakini kuna kitu lazima kishike utaratibu wote pamoja. Mtu aliyeumia hapo anaweza kueleza vizuri kabisa namna bukari inavyopikwa, kisha akashindwa kuipika.

Sehemu ya chini, juu tu ya macho, inahusika na breki za tabia: kuona kwamba neno hili halisemwi mbele ya mama mkwe, kwamba deni hili litaleta matata, kwamba hasira hii ingoje. Ikiumia, mtu anasema lolote linalopita kichwani. Sehemu ya katikati, pale pande mbili zinapogusana, inatoa msukumo wa kuanza jambo. Ikiumia, mtu anabaki kimya kama gari yenye essence ambayo hakuna anayeiwasha. Watu wanamwita mvivu, na hapo wanamkosea.

Kwa nini ajali za barabara zinapiga sana sehemu hii? Jibu liko kwenye umbo la mfupa. Sakafu ya fuvu juu ya macho si laini. Ina makunyanzi na kingo. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo ulio laini unaendelea kwenda, unajikwaruza hapo. Inatokea hata kama fuvu halikupasuka, na hata kama mtu aliangukia kisogo. Tena picha ya kawaida ya mifupa inaonyesha mfupa, haionyeshi ubongo. Kwa hiyo familia inaambiwa "hakuna kilichovunjika", na ni kweli, lakini neno hilo halijibu swali lao. Hata skaneri inaweza kukosa majeraha madogo.

Mfano unaotajwa duniani kote utaeleweka vizuri na watu wa machimbo. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa kazi za reli, Phineas Gage, mwenye miaka 25, alikuwa anashindilia baruti ndani ya tundu la mwamba. Baruti ikalipuka. Fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi iliingia chini ya shavu la kushoto, ikapita ubongo wa mbele, ikatokea juu ya kichwa. Hakufa. Muda mfupi baadaye alikuwa anasema na watu. Lakini munganga wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba mtu aliyekuwa anaheshimiwa kazini alikuwa amegeuka: matusi, papara, mipango inayoanzishwa na kuachwa. Waliomfahamu walisema si Gage tena. Ni maneno yale yale ya lupango la Likasi.

Vitabu vingi vinasimamia hapo, na hiyo ni kosa. Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye saa zake, njia zake na abiria wake. Alikufa mwaka 1860. Mtu aliyeharibika kabisa asingeshika kazi ya namna hiyo. Wachunguzi wa leo wanaona kwamba utaratibu wa kila siku ulimsaidia kusimama tena.

Sehemu hii ya ubongo ina historia nyingine, karibu zaidi na kwetu, na haipendezi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa munganga Mwingereza J. C. Carothers usimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikuwa munganga wa kawaida wa serikali. Kabla yake, katika miaka ya 1930, F. W. Vint alikuwa amepima ubongo wa maiti za Wakenya hapo Nairobi na kudai kwamba ganda lake ni duni. Carothers akaenda mbele: mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hatumii vizuri ubongo wake wa mbele, na katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 akamfananisha na Mzungu aliyekatwa ubongo huo kwa upasuaji.

Upasuaji wenyewe ulikuwepo kweli. Mreno Egas Moniz aliuanzisha mwaka 1935, ukatumiwa kwa maelfu ya wagonjwa ili kuwatuliza, na mwaka 1949 akapewa tuzo la Nobel. Wengi walitulia kama kiti kinavyotulia. Dawa za miaka ya 1950 ndizo zilizousukuma pembeni.

Carothers alikuwa amewaona nani? Hasa watu waliofungiwa hospitalini, wengi wao wakitoka mikononi mwa polisi na mahakama, wakihojiwa na mkubwa wa kikoloni. Mtu anayenyamaza mbele ya mtawala hana ugonjwa wa ubongo. Ametumia vizuri sana breki zake za mbele. Lakini mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwomba Carothers huyo huyo aeleze Mau Mau, naye akaeleza vita vya ardhi na uhuru kama shida ya akili za Wakikuyu. Frantz Fanon, munganga wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961, Les Damnés de la terre. Mnaijeria Thomas Adeoye Lambo naye alimpinga, akaonyesha kwa kazi pia: huko Aro, karibu na Abeokuta, wagonjwa waliishi vijijini na ndugu zao huku wakipata matibabu. Leo hakuna mtaalamu wa ubongo anayefuata mafundisho ya Carothers. Ila wazee wakisikia "munganga wa akili" na kuguna, wana sababu.

Ajali si mlango pekee. Pombe inagusa breki za mbele kabla ya miguu; ndiyo maana mtu wa glasi ya tatu anajiona hodari kuliko wote. Lutuku ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, inapunguza ubongo huo polepole. Ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, ukifika kwenye ubongo unaweza kumfanya mtu agombane ovyo, alale mchana na kukesha usiku. Wapo waliotazamwa kama vichaa au waliologwa, na kumbe wana mdudu anayetibika. Tangu mwisho wa 2018 Congo imeruhusu vidonge vya fexinidazole kwa ugonjwa huo.

Malaria ya ubongo inaweza kumwachia mtoto shida ya kutulia na kujizuia. Risasi, ile metali, inafanya hivyo pia: ng'ambo ya mpaka, Kabwe, Zambia, mgodi uliofanya kazi tangu 1904 mpaka 1994 uliacha vumbi ambalo bado linaingia katika damu ya watoto. Kwa mtoto jambo ni zito zaidi, kwani ubongo wa mbele ndio unaochelewa kukomaa kuliko sehemu zote, mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mtoto aliyebadilika baada ya homa kali asiitwe mchawi. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu anayemshitaki mtoto uchawi.

Na kuna wazee, hata wasio wazee sana. Ugonjwa mmoja wa kupotewa na akili unaanzia mbele ya ubongo, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65. Kumbukumbu inabaki, lakini aibu na huruma zinapotea: mtu anachukua vitu dukani, anacheka matangani, anakula bila kushiba. Mama mzee wa namna hiyo yuko hatarini, maana mtaani jina la ndoki liko tayari linamngoja.

Kwa aliyegonga kichwa, kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, degedege au maumivu yanayozidi vinataka hospitali saa hiyo hiyo. Mabadiliko ya tabia yanaweza kuonekana baada ya wiki, na hapo kazi ya familia ni kubwa kuliko ya mashine, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni kilichobadilika. Akienda peke yake kwa munganga atasema "niko muzuri" na atajibu maswali yote vizuri. Ndugu anayekaa naye aende pamoja, na aseme mambo yenyewe: alikuwanje kabla, ajali ilikuwa lini, alipoteza fahamu kwa muda gani, sasa anafanya nini ambacho hakukifanya, anakunywa pombe kiasi gani. Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka Likasi, kuna Centre Neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain ya Mabruda wa Upendo.

Hakuna kidonge kinachorudisha tabia ya zamani, lakini ziko dawa za degedege, za hasira kali na za usingizi. Nafuu kubwa huja katika miezi ya kwanza, na inaendelea polepole hata baada ya mwaka. Nyumbani, kinachosaidia ni saa zile zile kila siku, kazi moja kwa mara moja, agizo fupi, na pombe kuachwa kabisa. Kwa yule asiyeinuka, kungoja apende mwenyewe hakufai. Anashikwa mkono, kazi inaanzwa naye, kisha mara nyingi anaendelea. Pesa ishikwe na mtu wa kuaminiwa, kwa heshima, bila kumtangaza. Pikipiki isirudi mikononi mwake mpaka munganga akubali. Kumfunga kamba au mnyororo, au kumnyima chakula kwa jina la maombi, kunaongeza jeraha juu ya jeraha. Kuomba hakukatazwi, pasta anayesali na familia kisha akawatuma hospitali amewasaidia mara mbili.

Kaske nayo: ile ya dereva mara nyingi inaning'inia kwenye usukani, ya abiria haipo kabisa.