Mashine ya moshi kwenye shughuli: ukodi ipi?

Wadau, taa za disko bila moshi hazionyeshi miale. Kwa shughuli za Ngamiani mimi nachagua hivi:

Ukumbini: mashine ya ukungu mwepesi. Unatanda taratibu, sura za maharusi zinaonekana.

Turubai barabarani: ya moshi mzito, maana upepo wa bahari unaufagia chapchap. Hakikisha dawa yake ni maji na glaikoli.

Moshi wa kutambaa chini: barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyoganda, nyuzi -78. Usiishike mkono mtupu, na madirisha yawe wazi! Moscow, Februari 2020, watu 3 walikufa baada ya kilo 25 hivi kumwagwa kwenye bwawa la ndani.

Mwenye pumu akae mbali. Haya, mnasemaje?