Wanariadha walemavu wa Kenya: Kutoka medali tisa hadi moja

KATIKA Michezo ya Olimpiki ya Walemavu iliyoandaliwa Beijing, Uchina, mwaka 2008, wimbo wa taifa la Kenya ulipigwa mara tano. Timu ilirejea nyumbani na medali 9: tano za dhahabu, tatu za fedha na moja ya shaba. Miaka 13 baadaye, jijini Tokyo, ilipata medali moja pekee, ya shaba. Huko Paris mwaka 2024 mambo yakawa yale yale: medali moja, safari hii ya fedha.

Ni rahisi kudhani kwamba vipaji vimekauka. Hata hivyo, historia ya wanamichezo hawa inaonyesha jambo tofauti. Baadhi ya mbio zilizowapa Wakenya dhahabu ziliondolewa katika ratiba ya mashindano, na zile zilizosalia zinahitaji matayarisho ya miaka mingi yanayopaswa kuanza mtoto angali shuleni.

Mkazi wa Membley, mtaa ulioko Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, anaweza kuisoma habari hii yote kwenye barabara moja. Akielekea upande wa Thika atafika katika mji wenye baadhi ya shule kongwe zaidi za watoto walemavu nchini. Akielekea Nairobi atapita Kasarani, uliko Uwanja wa Kimataifa wa Michezo wa Moi, ambao timu za taifa zimeutumia kwa mazoezi tangu ulipofunguliwa mwaka 1987. Kwa gari, safari kutoka mwisho mmoja hadi mwingine si ndefu. Kwa mtoto mlemavu mwenye kipaji, umbali huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani.

Mwanzo wa safari

Mashindano haya yalianzia hospitalini. Mwaka 1948 daktari Ludwig Guttmann aliandaa michezo ya askari waliojeruhiwa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Mwaka 1960 michezo hiyo ilifanyika Roma, Italia, ikiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka mataifa 23, na ndiyo inayohesabiwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya Walemavu. Mwanzoni ilikuwa ya watu wanaotumia viti vya magurudumu pekee. Wasioona na waliokatwa viungo waliingizwa Toronto, Canada, mwaka 1976.

Kenya ilijitosa kwa mara ya kwanza Heidelberg, Ujerumani Magharibi, mwaka 1972. Haikushiriki Toronto, lakini ilirejea mwaka 1980 huko Arnhem, Uholanzi, na tangu hapo imekuwa mgeni wa kudumu.

Michezo hii husimamiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ya Walemavu, iliyoundwa mwaka 1989 na yenye makao yake Bonn, Ujerumani. Kamati hiyo ndiyo huamua ni mashindano yapi yatakuwemo katika ratiba, na uamuzi huo umekuwa na uzito mkubwa kwa Kenya.

Herufi, nambari na kamba

Ili ushindani uwe wa haki, wanariadha hugawanywa katika vitengo kulingana na aina na kiwango cha ulemavu. Herufi T huashiria mbio na miruko, nayo F huashiria urushaji. Nambari zinazofuata hueleza ulemavu wenyewe: 11 hadi 13 ni za walemavu wa macho; 20 ni ya wenye ulemavu wa akili; 31 hadi 38 ni za wale ambao misuli yao haitii amri ya ubongo sawasawa; 45 hadi 47 ni za wenye ulemavu wa mikono; na 51 hadi 54 ni za wanaoshindana wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

Kitengo cha T11 ni cha wasioona kabisa au wanaoona kwa kiwango kidogo mno. Wote hufunikwa macho ili asiwepo mwenye nafuu, na kila mmoja hukimbia na mwelekezi, wakiwa wameunganishwa kwa kamba fupi. Mwelekezi haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwanariadha, na ni lazima avuke utepe nyuma yake. Katika T12 mwanariadha huweza kuchagua kukimbia na mwelekezi au peke yake, ilhali wa T13 hukimbia bila msaada.

Sheria hiyo ina gharama isiyoonekana na watazamaji. Mwelekezi hana budi kuwa na kasi kumshinda anayemwongoza, na ni lazima wafanye mazoezi pamoja kila siku mpaka hatua zao zilingane. Kwa hiyo kumwandaa mkimbiaji mmoja wa T11 ni sawa na kuwaandaa wawili: chakula cha wawili, nauli za wawili, viatu vya wawili. Ilikuwa London mwaka 2012 ambapo waelekezi wa wakimbiaji walianza kutunukiwa medali katika Olimpiki ya Walemavu.

Wanyoike na mwelekezi aliyeishiwa nguvu

Hakuna aliyeifundisha dunia maana ya kamba hiyo kama Henry Wanyoike. Alizaliwa Kikuyu mwaka 1974 na alikuwa mkimbiaji chipukizi kabla ya kupoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 20, kutokana na kiharusi. Alijifunza ufumaji huko Machakos, katika taasisi ya mafunzo ya wasioona, kisha akarudi mbioni.

Mwaka 2000 alishiriki mita 5,000 za T11 jijini Sydney, Australia. Mwelekezi wake, ambaye alikuwa mgonjwa, aliishiwa nguvu kabla ya kumaliza. Kwa mujibu wa sheria, mmoja hawezi kufika bila mwenzake. Wanyoike, asiyeona utepe uko wapi, akawa yeye ndiye anayemkokota anayeona. Walimaliza wa kwanza.

Miaka minne baadaye jijini Athens, Ugiriki, akiongozwa na rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja, alishinda dhahabu mbili, za mita 5,000 na mita 10,000. Mwaka 2005 alikimbia marathoni ya Hamburg, Ujerumani, kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31, muda ambao wakimbiaji wengi wenye macho yao mawili hawaufikii. Beijing alipata shaba katika mita 5,000.

Enzi ya mavuno

Nyota wa Beijing alikuwa Henry Kirwa, aliyetwaa dhahabu tatu: mita 1,500 na mita 5,000 katika kitengo cha T13, na mita 10,000 katika kitengo cha T12. Kwa wanawake, mkongwe Mary Nakhumicha Zakayo alijinyakulia fedha katika kurusha mkuki akiwa ameketi, na kuthibitisha kwamba Kenya si nchi ya mbio pekee.

London, mwaka 2012, timu ilipata medali 6, mbili kati yazo zikiwa za dhahabu. Samwel Mushai Kimani, akiongozwa na James Boit, alishinda mita 1,500 za T11, naye Abraham Tarbei akashinda umbali uo huo katika T46. Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 2016, medali zilikuwa 6 tena, tatu za dhahabu.

Kisha ukaja ukame. Mwaka 2021 huko Tokyo, katika michezo iliyokuwa imeahirishwa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya janga la corona, ni Nancy Chelangat Koech pekee aliyepanda jukwaani, baada ya kushika nafasi ya tatu katika mita 1,500 za T11 akiwa na mwelekezi wake Geoffrey Rotich.

Mbio zilizotoweka

Sababu ya kwanza ya ukame huo imo katika ratiba. Mita 10,000, umbali uliompa dhahabu Wanyoike mwaka 2004 na Kirwa mwaka 2008, haukuwemo London wala katika michezo iliyofuata. Mita 5,000 kwa wenye ulemavu wa mikono nazo ziliondolewa. Marathoni ya T46, iliyokuwepo Tokyo, haikuwepo Paris. Mwanamke mlemavu wa macho ana hali ngumu zaidi: akimaliza mita 1,500, mbio nyingine ndefu iliyo mbele yake ni marathoni. Hakuna kitu katikati.

Kamati ya kimataifa hupima idadi ya wanariadha na mataifa katika kila shindano, na yale yenye washiriki wachache huwa hatarini. Mbio ndefu huvutia mataifa machache. Kwa namna hiyo, fani ambayo Mkenya anaimudu bila vifaa vya bei ghali ndiyo iliyopunguzwa, huku mbio za viti vya magurudumu, ambavyo kimoja hugharimu maelfu ya dola, zikibaki na nafasi nyingi.

Lakini ratiba haiwezi kubebeshwa lawama zote. Mita 1,500 na mita 5,000 kwa wanaume walemavu wa macho bado zipo, na majirani wanazitumia nafasi zilizobaki. Tigist Mengistu wa Ethiopia alishinda dhahabu ya mita 1,500 za T13 Tokyo na akairudia Paris. Mwenzake, Yayesh Tesfaw, alitwaa dhahabu ya T11 Paris. David Emong wa Uganda alipata fedha ya mita 1,500 za T46 Rio na shaba Tokyo. Uwanja haujafungwa, wanaouingia wakiwa wamejiandaa wameongezeka.

Shule za Thika

Hapo ndipo barabara ya Thika inaporejea katika mazungumzo. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946 na ndiyo iliyotangulia nyingine za aina yake nchini. Shule ya upili ya wasioona ilifuata mwaka 1967. Shule ya Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ilianza mwaka 1962 chini ya kanisa hilo hilo.

Katika shule za aina hii ndimo mtoto asiyeona hugundua kwamba anaweza kukimbia akifuata sauti au kamba, na anayetumia kiti cha magurudumu hugundua nguvu za mabega yake. Mashindano ya shule zenye mahitaji maalum humpa jukwaa la kwanza. Tatizo huja anapomaliza masomo. Hurudi kijijini au mtaani ambako hakuna mkufunzi, hakuna mwelekezi, wala matatu inayosimama kwa subira huku kiti chake kikikunjwa na kupakiwa. Mwanariadha asiye na ulemavu hupokewa na vilabu, jeshi, polisi au kambi za mazoezi za Iten na Eldoret. Mlemavu mara nyingi hupokewa na ukimya.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mlemavu haki ya kuheshimiwa na ya kufika mahali pa umma na kutumia usafiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwepo tangu mwaka 2003, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya mwaka 2025. Maandishi si haba. Kinachopimwa sasa ni kama msichana asiyeona wa Ruiru anaweza kutoka nyumbani, akafika uwanjani na kumkuta mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba.

Dalili za njia mpya

Katikati ya ukame huo zimechipuka fani mpya. Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu akiwa mtoto katika ajali ya treni na ambaye kwanza alijulikana kwa tenisi ya viti vya magurudumu, alishiriki Tokyo akiwa Mkenya wa kwanza kupiga makasia katika Olimpiki ya Walemavu. Mwaka 2022, Hellen Wawira Kariuki alipata shaba ya kunyanyua uzani katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Uingereza.

Na medali pekee ya Paris haikutoka kwenye mbio. Samson Ojuka aliruka mita 6.20 katika mruko wa mbali wa T37 na kutwaa fedha, nyuma ya Brian Impellizzeri wa Argentina. Katika nchi iliyozoea kuhesabu mizunguko, medali yake ilitoka kwenye kisima cha mchanga.

Chanda chema huvikwa pete, wahenga walisema. Ojuka, Sururu na Kariuki wameonyesha kwamba vyanda vyema havijaisha, na kwamba Kenya haina sababu ya kungoja mita 10,000 zirudishwe ndipo ipande jukwaani tena. Kinachosalia ni kumfikisha mtoto wa Thika Kasarani mapema, akiwa na mkufunzi, kifaa na mwelekezi wake. Wanyoike alimkokota mwenzake hadi kwenye utepe mwaka 2000. Wanaomfuata hawapaswi kulazimika kulikokota taifa zima.