Jina la Ugonjwa na Jina la Tiba: Lishe ya Mama na Mtoto Mpakani Busia na Tororo

Mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Malaba karibu na Tororo hadi Busia, uliwagawa Wateso na Wasamia katika nchi mbili, lakini haukugawa chakula chao. Pande zote mbili chungu hujazwa mihogo, mtama, wimbi, mahindi na viazi vitamu. Vyakula hivi hushibisha. Hata hivyo, mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji mtupu, bila maharage, karanga, samaki wala mboga, huweza kupatwa na utapiamlo. Katika makala haya tunakusudia kudokeza historia ya huduma za lishe zilizomfikia mama wa eneo hili, na kuuliza swali linalotuhusu sisi walimu wa lugha: je, majina yalifanya kazi gani?

Mwaka 1935 Dkt. Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto huko Gold Coast (Ghana ya leo), aliuingiza katika maandishi ya kitabibu ugonjwa wa kwashiorkor kwa jina la lugha ya Ga. Kiswahili sanifu huuita unyafuzi. Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi. Ga na Kiganda ziko mbali mno, lakini maneno hayo yanakubaliana: yote humtaja mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mamaye ameshika mimba au amejifungua mwingine. Wazee waliona kweli, kwani ugonjwa aghalabu huanza wakati huo. Lakini jina lilimbebesha mama lawama bila kumwambia apike nini.

Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell na wenzake waliuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, wakachapisha kitabu mwaka 1954. Watoto walitibiwa kwa maziwa, wakapona, kisha wakarudi nyumbani kusikokuwa na maziwa hayo. Ndipo mwaka 1965 kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu. Jina lilitokana na methali ya Kiganda isemayo kuwa mtoto mwenye afya hutoka katika ngozi, yaani mbeleko ya mamaye. Kituoni mama alikaa na mwanawe, akajifunza kupika kitobero, mchanganyiko wa vyakula vya shambani mwake mwenyewe. Jina jipya halikumshtaki mama. Lilimpa kazi anayoiweza.

Hata hivyo, Mwanamugimu ni Kiganda, na si kila mama wa Tororo, msemaji wa Kiteso au Kijopadhola, angeipata methali hiyo kwa wepesi. Aidha, Kampala ni mbali.

Ng'ambo ya pili, kati ya 2010 na 2014, mradi wa Mama SASHA uliendeshwa Busia na Bungoma nchini Kenya. Mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa ushauri wa lishe pamoja na vocha. Kwa vocha hiyo alichukua kwa mkulima wa karibu marando ya viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A ambayo viazi vyeupe karibu havina. Watafiti waliona kuwa kina mama wa maeneo ya mradi walijua zaidi habari za lishe na kupata vitamini A zaidi kuliko wenzao. La kufurahisha ni kwamba aina zilizotumika, Vita na Kabode, zilizalishwa Namulonge, Uganda, na kutolewa kwa wakulima mwaka 2007. Dkt. Robert Mwanga, mtafiti wa viazi hivyo, alikuwa miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mbegu ilivuka mpaka bila pasipoti.

Je, maneno nayo yamevuka? Mradi huu ulichanganya "mama" ya Kiswahili na ufupisho wa Kiingereza. Mpakani, Kiswahili ndicho lugha ya soko, na mama anayenunua dagaa kwa Kiswahili anastahili kuelezwa lishe kwa maneno yaleyale. Tunawahimiza wanafunzi wetu wa tafsiri waanzie hapo. Waandike kijikaratasi cha kliniki, kisha wamsomee mama na kumwuliza atapika nini jioni. Asipoweza kujibu, kosa ni la mwandishi.