Kulisoma Gari la Maiti: Nani Mtunzi wa Bodi?

Tumezoea kuuliza nani alitunga nini, lini, na kwa ajili ya nani. Katika makala haya nataka kuuliza maswali hayo hayo juu ya gari la maiti. Najua wapo watakaocheka: ati uhakiki wa gari la maiti! Wacheke tu. Mhakiki anayekataa kusoma kitu kwa sababu kinanuka msiba anajinyima mengi. Hoja yangu ni moja: kuhifadhi kitu kabla ya kukitambua ni kuhifadhi porojo. Nitatumia mfano wa magari ya zamani ya mazishi ya Marekani, kwani huko ujenzi wake ulikuwa sanaa yenye historia ndefu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Mabasi yetu mengi huanza yakiwa chesisi na injini tu, kisha mafundi wa hapa hapa huyajengea bodi. Jina lililoko mbele ni la Isuzu au Scania, lakini viti, madirisha na paa ni kazi ya mikono mingine. Magari ya maiti ya Marekani yalijengwa vivyo hivyo. Cadillac ilitoa chesisi ndefu iliyoimarishwa, na karakana kama Miller-Meteor, Superior, Eureka au Sayers & Scovill zikajenga bodi. Henney ilijulikana kwa kujenga juu ya Packard, na Flxible juu ya Buick. Kwa hiyo gari moja lina watunzi wawili. Anayelitazama akasema "hii ni Cadillac" na kuishia hapo, amesoma jalada tu, kitabu hajakifungua.

Tuanze na fani. Mwaka 1909 kampuni ya Crane & Breed ya Cincinnati ilianza kuuza gari la maiti la injini. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya farasi, na farasi alipoondoka, umbo la gari lake halikuondoka naye. Katika miaka ya 1920 na 1930 bodi nyingi zilipambwa ubavuni kwa nakshi za mbao zilizochongwa zikafanana na mapazia yaliyokunjwa. Baadaye ukaenea mtindo wa landau, yaani chuma chenye umbo la herufi S kilichobandikwa ubavuni nyuma. Zamani, kwenye magari ya farasi, chuma hicho kilikuwa cha kukunjia paa. Kwenye gari la maiti hakikunji chochote! Ni kama tamathali ya semi ambayo maana yake ya kwanza imekwisha sahauliwa, ikabaki ya pili: mtu akikiona barabarani, anajua hapo pana msiba.

Sasa tuje kwenye maudhui. Kwa miaka mingi huko Marekani, aliyekukimbiza hospitali ukiwa mahututi aliweza kuwa yule yule atakayekuzika. Ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya mwaka 1966 ilieleza kuwa karibu nusu ya huduma za kubeba wagonjwa zilitolewa na wenye biashara ya mazishi, hasa kwa sababu wao ndio waliokuwa na magari ya kubeba mtu akiwa amelala. Ndiyo maana likatengenezwa gari la kazi mbili. Roli za sakafuni za kutelezeshea jeneza zinageuzwa, zinalala sawa na sakafu. Vibao vya madirishani vinatolewa. Kiti cha mhudumu kinakunjuliwa. Taa inawekwa juu ya paa. Basi, gari la maiti limekuwa la wagonjwa! Masharti mapya ya magari ya wagonjwa yalipokuja katika miaka ya 1970, mtindo huo ukafa. Lakini roli zile zinazogeuka bado zinatueleza jamii iliyoweka uhai na mauti chini ya paa moja.

Hapo ndipo utambuzi unapokuwa na uzito. Rais Kennedy alipouawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, mwili wake ulitolewa hospitali kwenda uwanja wa ndege kwa Cadillac nyeupe yenye bodi ya Miller-Meteor. Gari hilo liliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000, bila kuhesabu ushuru wa mnada. Mwaka mmoja kabla yake, mnadani humo humo, liliuzwa gari la wagonjwa aina ya Pontiac kwa dola 120,000, likinadiwa kuwa ndilo lililoupokea mwili huo karibu na Washington usiku ule. Kumbe kulikuwa na nyaraka na picha zinazoonyesha kwamba gari lenyewe lilipondwapondwa mwaka 1986, likiwa mikononi mwa maktaba ya kumbukumbu ya Kennedy. Magari mawili yanaweza kufanana rangi na umbo, lakini moja tu ndilo lililokuwapo usiku ule. Mhakiki wa miswada anaijua hali hii.

Pana hatari nyingine, na hii inatoka kwa wapenzi wenyewe. Filamu ya Ghostbusters ya mwaka 1984 ililipa umaarufu Cadillac la mwaka 1959 la Miller-Meteor. Mtu akilipata gari la aina hiyo sasa, kishawishi ni kulipaka rangi na kulifungia vikorokoro lifanane na lile la sinema. Sidharau furaha yake. Lakini anayeng'oa roli, akatupa mapazia na kubandua kibati cha namba ya bodi, amefuta saini ya mtunzi wa pili. Na hiyo chesisi haiwezi kumtaja.

Hebu tutazame kwetu. Mashairi ya Muyaka yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alishirikiana na Taylor kuyakusanya, akiwauliza waliokuwa bado wanayakumbuka. Diwani ikachapishwa mwaka 1940 chini ya jina la Hichens. Ukitazama jalada tu, hutamwona Sikujua. Naye ndiye fundi wa bodi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gari la namna hii ni ule ule ninaoutoa kwa mwenye mswada wa babu yake: usisafishe kwanza. Soma kibati, piga picha sakafu, pekua chini ya viti, waulize wazee waliolitumia, andika majibu yao na tarehe. Rangi inaweza kungoja. Wanaokumbuka hawangoji.