Kiarabu Leiden: Vitabu, Wanazuoni na Wasaidizi Wao

Mtaguso wa Vienne, uliofanyika kusini mwa Ufaransa mwaka 1311 na 1312, uliagiza kwamba Kiebrania, Kiarabu na Kikaldayo (yaani Kiaramu) vifundishwe katika vyuo vikuu vya Paris, Oxford, Bologna na Salamanca, lakini agizo hilo, ambalo shabaha yake ilikuwa kuandaa wahubiri wa kuwaendea Waislamu, lilibaki kwa sehemu kubwa katika maandishi kwa zaidi ya karne mbili. Vitabu havikuwapo, herufi za kupigia chapa hazikuwapo, na aliye adimu kuliko vyote alikuwa mtu wa kusoma naye. Uholanzi ya Waprotestanti, iliyokuwa vitani na Hispania na hivyo kujikuta upande mmoja na Masultani wa Moroko, ndiyo iliyopata nafasi nzuri zaidi ya kuyapata hayo yote, na Chuo Kikuu cha Leiden, kilichoanzishwa mwaka 1575, kikanufaika.

Mwaka 1613 Thomas Erpenius alikabidhiwa kiti cha uprofesa wa Kiarabu chuoni hapo, na mwaka huohuo akatoa sarufi yake, iliyoandikwa kwa Kilatini, ambayo wanafunzi wa Ulaya waliitegemea kwa karibu karne mbili, hadi ile ya Silvestre de Sacy ilipotoka Paris mwaka 1810. Sifa zake ni za haki, ila si zake peke yake. Mwalimu wake wa awali huko Paris alikuwa Yusuf Barbatus, Mkopti (yaani Mkristo wa asili ya Misri) ambaye Kiarabu alichokijua vizuri ni kile cha mazungumzo ya Wamisri, kilicho mbali na lugha ya vitabu. Aliyemsaidia kuivuka tofauti hiyo ni Ahmad bin Qasim al-Hajari, mmoja wa Wamoriski, jina walilopewa Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kubatizwa. Al-Hajari alikimbilia Moroko, akawa mkalimani wa Sultani Mulay Zaydan, na mwaka 1611 alitumwa Ufaransa kudai mali ya Wamoriski walioporwa njiani walipokuwa wakifukuzwa kwao. Huko alikutana na Erpenius, na mwaka 1613 akawa mgeni wake Leiden. Mtu huyo, aliyeijua nahau na pia elimu ya dini, hakupewa kiti chochote, na ni shida kudhani kwamba kuna aliyefikiria kumpa.

Jacobus Golius, aliyemrithi Erpenius, alifuata vitabu vilipo. Alikuwa amekwenda Moroko mwaka 1622, na baada ya kuteuliwa alikaa Aleppo na Istanbul hadi mwaka 1629, akarudi na hati za mkono zaidi ya 200. Kamusi yake ya Kiarabu na Kilatini ya mwaka 1653 imesimama juu ya kamusi za Waarabu wenyewe, hasa al-Sihah ya al-Jawhari na al-Qamus ya al-Firuzabadi, na kazi ya kunakili alifanyiwa na waandishi kutoka Mashariki waliolipwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wake Levinus Warner, mwakilishi wa Uholanzi mjini Istanbul, alipofariki mwaka 1665 aliiachia Leiden hati zipatazo 1,000. Miongoni mwazo mna nakala pekee inayojulikana ya Tawq al-Hamama, kitabu cha mapenzi cha Ibn Hazm wa Cordoba. Waarabu walikuja kukisoma kwa chapa baada ya kuchapishwa Leiden mwaka 1914.

Karne ya 19 ilikuwa ya uhariri. M. J. de Goeje aliongoza uchapishaji wa historia ya al-Tabari kuanzia 1879 hadi 1901, kazi ambayo bado inatumiwa na kila anayeandika juu ya dola za mwanzo za Kiislamu. Lakini elimu hiyo ilikuwa na bwana mwingine. Christiaan Snouck Hurgronje, aliyeishi Makka mwaka 1885, baadaye aliishauri serikali ya kikoloni ya Uholanzi katika vita vya Aceh, huko Sumatra, kisha akawa profesa Leiden mwaka 1906.

Ujerumani ilifuata njia hiyo hiyo bila kificho. Chuo cha Lugha za Mashariki kilichoanzishwa Berlin mwaka 1887 kiliweka Kiarabu na Kiswahili chini ya paa moja kwa ajili ya maofisa na wafanyabiashara, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha hapo akiwa msaidizi. Maandishi yake ndiyo kiini cha Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Bi Salme binti Said wa Unguja, aliyeishi Ujerumani akiwa mjane, naye alifundisha Kiarabu ili apate riziki. Mkusanyo wa vitabu na nyaraka wa mwanawe, Rudolph Said-Ruete, uko Leiden.

Sanaa ya Kiislamu ndiyo iliyoingia vyuoni mwisho. K. A. C. Creswell alianza kufundisha usanifu majengo wa Kiislamu katika chuo kikuu cha Cairo mwaka 1931, na Harvard ilimpa Oleg Grabar kiti cha kwanza cha Aga Khan cha sanaa ya Kiislamu mwaka 1980. Leiden ina hati ya tafsiri ya Kiarabu ya kitabu cha tabibu Mgiriki Dioscorides juu ya dawa za mimea, ya mwaka 1083, yenye picha za mimea kwa rangi. Kwa muda mrefu waliosoma maneno yake waliifungua kama kitabu cha utabibu, na wanaoisoma leo kwa ajili ya picha hukuta kwamba jina la kila mmea na sifa zake vimeandikwa kuzunguka shina na majani, hivyo kwamba asiyeujua msamiati wa waganga hawezi kueleza ni kwa nini mchoraji amechora mzizi mkubwa kuliko ua.