Uchafukaji wa lehemu

Fundi simu wa Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, akisema risasi imemwishia hazungumzii bunduki. Anataka ule waya laini wa kijivu unaonunuliwa Kariakoo, ukavushwa kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, kisha ukapandishwa kaskazini kwa gari au bodaboda. Kamusi huuita lehemu. Mtaani umeitwa risasi kwa sababu ya kilichomo: ule wa kawaida ni bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, nao huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. (Bati hapa ni metali yenyewe. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini.)

Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika vifaa vingi vya umeme. Kiwango kinachoruhusiwa hakizidi asilimia 0.1. Viwanda vinavyouza dunia nzima vilifuata, kwa hiyo simu na redio nyingi zinazofika Kanga leo zimeungwa kwa bati lenye fedha asilimia 3 hivi na shaba nusu asilimia, linaloyeyuka karibu nyuzi 217. Kwa lugha ya mtaani hii ingekuwa “risasi isiyo na risasi”. Hapo jina la kamusini linatuokoa: lehemu isiyo na risasi.

Kazi ipo kwenye jina la ugonjwa wake, yaani lehemu kuingiwa na metali isiyotakiwa. Wengi watakimbilia “uchafuzi wa lehemu”, kwa mfano wa uchafuzi wa mazingira. Mimi nachagua uchafukaji. Penye uchafuzi tunamtafuta mchafuzi, mtu aliyemwaga kitu pasipostahili, ilhali mara nyingi lehemu huchafuka yenyewe ikiwa kazini.

Kiwandani bodi ya saketi hupitishwa juu ya sufuria kubwa ya lehemu iliyoyeyuka. Pampu huisukuma lehemu ipande iwe wimbi lisilovunjika, nalo huramba tumbo la bodi na kushika miguu yote ya vipuri kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana tunasema kulehemu kwa wimbi. Lakini wimbi hilo halitoi tu, linachukua pia. Kila bodi inayopita humegukwa na shaba kidogo, ikayeyukia sufuriani. Bati jingi likiwa na moto mkali hula shaba haraka, na hula hata chuma cha sufuria na cha pampu. Shaba ikifika karibu asilimia moja, lehemu huwa nzito, huacha ncha zinazoning'inia kama za barafu, na huunganisha miguu miwili isiyotakiwa kuunganishwa.

Neno uchafu linaweza kumpoteza fundi hapa, maana juu ya sufuria huelea ganda la kijivu, nalo ndilo jicho linaloliona. Hilo ni bati lililoungana na hewa. Likikombwa, sufuria inang'aa. Shaba haikombwi hivyo. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi huitoi kwa mwiko.

Zamani kulikuwa na ujanja. Katika lehemu yenye risasi, shaba iliyozidi huungana na bati na kuwa vijisindano vyepesi kidogo kuliko lehemu yenyewe. Fundi alipunguza moto, vijisindano vikaelea, akavichota. Lehemu isiyo na risasi ni nyepesi zaidi: uzito wake ni kama gramu 7.4 kwa sentimita ya ujazo, na wa vijisindano ni 8.3. Kwa hiyo vinazama, vinajikusanya chini na kuweza kukwamisha pampu. Dawa inayobaki ni kuzimua: unatoa sehemu ya lehemu, unajaziliza kwa ile isiyo na shaba kabisa, kisha unapeleka sampuli maabara ikapimwe tena.

Risasi nayo hurudi kwa mlango wa nyuma, kupitia vipuri vya zamani au mche mmoja wa lehemu uliotoka kwenye rafu isiyo yake. Chukua sufuria ya kilo 400. Mche wa kilo moja wa lehemu ya kale una gramu 370 za risasi, na mpaka wa asilimia 0.1 ni gramu 400. Kosa la mara moja, na sufuria nzima iko ukingoni.

Kanga hakuna wimbi la namna hiyo, ila uchafukaji upo kwenye ncha ya pasi ya kulehemu. Baadhi ya bodi za siku hizi zimeungwa kwa lehemu ya bismuthi, ile ambayo mafundi simu huijua kwa namba 138, yaani nyuzi inazoyeyukia. Ukiongeza juu yake waya wenye risasi, kiungo kinaonekana safi na kinang'aa. Lakini bati, risasi na bismuthi zikikutana zinaweza kufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi, chini ya joto la maji yanayochemka. Taa ya LED iliyotengenezwa hivyo mchana inaweza kuachia usiku ikiwa imewaka na kupata joto, mvuvi akiwa mbali na pwani, naye atalaumu betri.

Kwenye meza ya fundi kuzimua hakusaidii, maana kiungo chenyewe ni tone. Lehemu ya zamani hufyonzwa yote kwa utambi wa shaba, ncha ya pasi ikapanguswa, ndipo mpya ikawekwa.